Harvard Graphics 2.3 kwenye 386 ya marehemu baba: imeingia ila F2 haichori, msaada wakuu

Kijana_wa_386

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie, nimekwama wiki ya tatu sasa.

Marehemu baba alikuwa anapima mvua. Kila asubuhi anatoka na daftari kwenda kwenye kile kipimo chake uani, anasoma milimita, anaandika, jioni anaingiza kwenye kompyuta. Kafanya hivyo miaka 11. Madaftari yote mchwa wameyamaliza, nimefungua sanduku nikakuta udongo na majalada tu, kwa hiyo kilichobaki ni mafaili ya .CHT aliyochora kwa Harvard Graphics, programu ya DOS ya kuchorea grafu, yako kwenye flopi za bakapu. Nataka nizione zile grafu vile alivyozichora yeye, sitaki kuanza kuchora upya kwenye programu za siku hizi.

Mashine ninayo, ni kompyuta yake ya mwisho, 386SX, memori MB 2, hadi diski MB 40, kadi ya skrini ya VGA na monita ya rangi, MS-DOS 6.22. Inawaka vizuri tu. Nikaanza kuinstoli Harvard 2.3 kwa diski zake za asili, kufika diski ya tatu draivu ikaanza kukwaruza halafu ikaleta Data error reading drive A, Abort, Retry, Fail, nimebonyeza R mpaka nikachoka. Basi nikageukia flopi za bakapu maana baba alibakapu kila kitu pamoja na programu yenyewe. Kuangalia ndani kila flopi ina vifaili viwili tu, BACKUP.001 na CONTROL.001, inayofuata 002, nikajua hapa nimekwisha, kumbe ni bakapu ya DOS za zamani na 6.22 bado inayo amri ya kuzirudisha, nikaandika RESTORE A: C:\*.* /S nikawa naingiza flopi moja moja kwa kufuata namba alizoandika baba kwa kalamu, na C:\HG ikarudi nzima, chati zote ndani.

Sasa shida yenyewe. Mwanzo iligoma kufunguka ikidai memori haitoshi. Nikaendesha MEMMAKER, programu ya DOS ya kupanga memori, nikajibu Yes karibu kila swali, ikafunguka. Menyu ikaja, nikafungua chati moja ya baba, namba zote zipo kwenye fomu mwezi kwa mwezi, aisee machozi yalinitoka. Nikibonyeza F2 ili ichore, mashine inastaki pale pale, hata Ctrl+Alt+Del haisikii mpaka nizime kwa swichi. Halafu kuna kitu kinanichanganya zaidi, nikiwasha nikabonyeza F5 pale inapoandika Starting MS-DOS ili iruke CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT (mafaili ya maagizo ya kuwashia), Harvard inafunguka vilevile, na F2 haistakishi mashine ila haichori kitu. Menyu inabaki kama ilivyo kana kwamba sijagusa kibodi, nikibonyeza Esc naendelea na kazi.

Nimebadilisha monita, nimebadilisha kebo. Kadi ya VGA ni nzima maana magemu ya DOS yanacheza kwa rangi zake zote. Shida itakuwa wapi?

---

Mpitanjia77

Pole sana na msiba mkuu. Mimi ningekuwa wewe ningeachana na hiyo mashine, chukua folda nzima ya HG weka kwenye laptop, endesha na DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, unaandika mount c na njia ya folda, unaingia C: halafu HG, biashara imeisha. Hadi diski ya umri huo inaweza kukuaga siku yoyote.

---

Fundi_Bati

Pole kwa kufiwa kijana wangu. Kabla hujaendelea kubonyeza F2 sikiliza mambo mawili, mimi mashine hizi nimezifungua miaka mingi na nimeona watu wanalia kwa vitu vidogo.

La kwanza, zile flopi zisomwe mara moja tu zaidi, kwa ajili ya kutoa nakala kamili, halafu zipumzike. Usizirudie rudie kuzijaribu. Zikiwa za inchi 5.25 za KB 360 na draivu yako ni ya MB 1.2, kusoma soma tu, ila USIANDIKE kitu juu yake, kichwa cha draivu ya MB 1.2 ni chembamba, kinaandika njia nyembamba katikati ya ile njia pana ya zamani, ukiipeleka tena kwenye draivu ya 360 inasoma mchanganyiko wa mpya na ya zamani na ndo mwisho wa hiyo diski. Ziba kile kijipengo cha pembeni kwa utepe ili draivu isiweze kuandika. Na hiyo diski ya tatu inayokwaruza usiirudishe kabla hujasafisha kichwa cha draivu kwa spiriti na pamba, mara nyingi ukungu wa diski moja mbovu unabaki kwenye kichwa halafu unakwenda kuchana diski nzima inayofuata. Izungushe polepole kwa mkono kwenye mwanga uangalie kwenye lile dirisha, ukiona mabaka meupe huo ndo ukungu.

La pili, fungua mfuniko uangalie betri. Kwenye 386 nyingi ni kapipa kadogo kamezungushiwa plastiki ya bluu au kijani, kamelehemewa kwenye mazabodi karibu na tundu la kibodi. Kale kakishazeeka kanavuja, na maji yake yanakula shaba taratibu, unaona ukijani kijani kwenye miguu ya chipu za jirani. Kama imeanza, kata betri utoe, sugua pale kwa mswaki wenye siki kidogo maana yale maji ni alkali, kisha suuza na spiriti ikauke kabisa. Lakini KABLA hujaitoa ingia kwenye setapu ya BAYOSI (BIOS, programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) unakili namba za hadi diski, silinda ngapi, vichwa vingapi, sekta ngapi. Ukitoa betri zinafutika, na mashine ya umri huo haiwezi kuzitafuta yenyewe.

Kuhusu F2 ngoja wenye Harvard waje.

---

DadaDosi

Pole mdogo wangu, na baba umemtunza vizuri kwa kuhangaika hivi.

Nimesoma maelezo yako mara mbili, hiyo tofauti ya F5 na bila F5 ndo imenipa picha. Naomba unijibu matatu:

Hiyo bakapu baba aliifanya kwenye hii 386 au kwenye kompyuta aliyokuwa nayo kabla? Kama ni ya kabla, skrini yake ilikuwa ya rangi gani? Halafu andika TYPE C:\CONFIG.SYS unipe mstari wa EMM386 (draiva ya kusimamia memori) ulivyo, neno kwa neno.

---

Kijana_wa_386

Shikamoo mzee Fundi, nashukuru sana, mfuniko naufungua leo leo. Dada asante, majibu haya:

Bakapu ni ya kompyuta ya kabla ya hii, 386 ilikuja baadaye. Skrini yake naikumbuka maana nilikuwa mdogo nakaa pembeni namwangalia, herufi zilikuwa za rangi ya chungwa kwenye weusi, hakuna rangi nyingine. Ukizima inabaki kanukta katikati kwa muda.

Mstari wenyewe:

DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS I=B000-B7FF

Draiva ya mausi na SMARTDRV (ile ya kuharakisha hadi diski) zote MEMMAKER imezipandisha juu.

---

DadaDosi

Basi tumeshaikamata, mashine yako haina ubovu wowote. Ngoja nieleze yote kwa pamoja maana mtu mwingine akija na shida hii asome hapa hapa.

Skrini ya rangi moja yenye uwezo wa kuchora grafu, kwa miaka ile karibu kila mara ilikuwa kwenye kadi ya Hercules au mfano wake. Hercules ilitoka 1982, rangi moja ila inachora nukta 720 kwa 348, ndo maana watu wa takwimu waliipenda, mistari inatoka safi kuliko CGA, kadi ya rangi ya wakati huo. Harvard Graphics nayo ni ya kipindi hicho, ilianza 1986. Programu za DOS hazikuwa na mtu wa katikati wa kuzisaidia kama ilivyo Windows, kila programu inabeba draiva zake yenyewe na inaandika moja kwa moja kwenye memori ya kadi. Kwa hiyo pale unapoinstoli au kwenye menyu ya Setup lazima uiambie iko na kadi gani, na hilo jibu inalihifadhi. Wewe hukuinstoli, ulirudisha folda ya baba pamoja na majibu ya baba. Programu yako mpaka leo inaamini iko mbele ya ile skrini ya chungwa.

Sasa kwa nini menyu inaonekana na chati haionekani? Menyu ni maandishi tu, yanapita vizuri kwenye kadi yoyote. F2 ndo inahama kwenda kwenye kuchora. Memori ya kuchorea ya Hercules inaanzia anwani B000, ya VGA inaanzia A000, na maandishi ya rangi yako B800. Ukibonyeza F2 Harvard inamimina chati yote kuanzia B000, na VGA yako ikiwa kwenye hali ya rangi haiangalii huko kabisa, inaendelea kuonyesha B800 palipo na menyu. Yaani chati inachorwa kweli, ila inachorwa mahali ambapo hakuna jicho. Ndo ile hali ya F5.

Na bila F5 kwa nini inastaki, hapa ndo penye utamu. MEMMAKER kuna mahali inakuuliza kama itumie eneo la skrini ya rangi moja kwa ajili ya programu, wewe ukasema Yes. Ndo maana ya I=B000-B7FF kwenye mstari wako. EMM386 ikaona pale patupu kwa kuwa una VGA ya rangi, ikapageuza kuwa memori ya kawaida na mausi au SMARTDRV zikapangwa humo humo. Nukta 720 kwa 348, nukta nane kwa baiti moja, ni baiti 31,320, karibu eneo lote la KB 32 kuanzia B000 mpaka B7FF. Kwa hiyo ukibonyeza F2 mvua ya baba inachorwa juu ya draiva ya mausi, ukisogeza mausi kidogo tu prosesa inaenda kutekeleza grafu badala ya programu, lazima igande.

Fanya hivi. Fungua CONFIG.SYS kwa EDIT, futa I=B000-B7FF, acha NOEMS peke yake, washa upya. Ingia Harvard lakini usiguse F2 kwanza, nenda Setup kwenye menyu kuu, kisha Screen, chagua VGA ya rangi, F10. Halafu fungua chati na ubonyeze F2. Ikikaa sawa unaweza hata kurudisha ile I= maana hakuna atakayeandika pale tena, ila kama memori inatosha bila yake iache tu. Angalia kwa MEM /C, mstari wa Largest executable program size ndo wa kufuata, jumla ya memori isikudanganye, MB 2 zako hazisaidii kitu kama chini ya ule mpaka wa KB 640 pamejaa.

---

Fundi_Bati

Dada umeeleza mpaka nimefurahi. Nimewahi kuona mashine ya mtu inastaki hivi hivi kila akifungua programu moja ya kuchora, tukabadilisha memori, tukabadilisha kadi, hatukuwahi kufikiria hilo eneo la B000. Leo ndo nimepata jibu lake.

---

Kijana_wa_386

IMECHORA.

Sijui nianzie wapi. Nilifuta ile I=, MEM /C ikatoa 589K bila hiyo, kumbe kilichokuwa kinajaza chini ni draiva ya CD niliyoiweka mimi mwenyewe na hata CD sina, nikaitoa. Nikaingia Setup, Screen, kweli ilikuwa imesimama kwenye Hercules. Nikabadilisha, nikafungua chati, nikakaa kama dakika nzima mkono uko juu ya F2 naogopa.

Skrini ikawa nyeusi sekunde moja halafu ikaanza kujichora, kichwa cha habari kwanza kwa herufi kubwa, kisha fremu, kisha nguzo moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, Januari, Februari, Machi, unaiona kabisa inavyojaza. Nguzo ya Aprili ikapanda ikapita zote. Chini kabisa baba kaandika kwa herufi ndogo "tarehe 17-19 sikupima, nilikuwa naumwa." Hicho kitu kwenye fomu ya namba hakipo wakuu, kipo kwenye chati tu, ningezikopi namba peke yake nisingekijua maisha.

Swali dogo, nguzo zote zimejazwa mistari mistari, nyingine imelala upande huu nyingine upande ule, nyingine vinukta. Rangi hakuna kabisa wakati sasa hivi nina VGA. Hiyo nayo ni setapu?

---

DadaDosi

Alhamdulillah, nimefurahi kama ni ya kwangu.

Hiyo siyo hitilafu, ni baba alichagua. Ukiwa ndani ya chati bonyeza F8 uingie kwenye chaguzi zake, kuna mahali pa namna ya kujaza nguzo, ama rangi, ama michoro, ama vyote viwili. Skrini yake ilikuwa na rangi moja, kwa hiyo njia ya kutofautisha mwaka huu na mwaka jana ilikuwa mistari, na printa ya nukta pia ilitoa hivyo hivyo. Ukitaka rangi badilisha, lakini usiseivu juu ya faili la baba, seivu kwa jina lingine. Kwa maoni yangu iache, hiyo mistari ndo mwandiko wake.

---

Mpitanjia77

Nimefuatilia uzi wote na nakiri nilikimbilia jibu. Ungehamia DOSBox bila kujua hili ungekutana na tatizo lile lile, maana yenyewe kwa kawaida inajifanya kadi ya SVGA.

Ila sasa hivi inaweza kukufaa kwa kitu kingine. Ile folda uliyoirudisha kutoka bakapu, kabla ya kubadilisha Screen, kama unayo nakala yake iweke kwenye laptop, fungua faili la mpangilio wa DOSBox, kwenye sehemu ya dosbox andika machine=hercules. Itakuwa na kadi ile ile programu inayoitegemea, bila kugusa Setup hata kidogo. Na ukiwa ndani bonyeza F11, inazunguka kati ya chungwa, kijani na nyeupe. Weka kwenye chungwa.

---

Kijana_wa_386

Mkuu Mpitanjia umenimaliza. Nilirudisha upya kutoka flopi zilizotolewa nakala (mzee Fundi usiwe na wasiwasi, zile za asili nimezifungia), nikafanya ulivyosema. Nikamwita mama aje aangalie bila kumwambia ni nini. Alisimama mlangoni akasema "hiyo ni ya baba yenu" hata kabla hajafika karibu asome jina.

Naulizia na jambo la mwisho, nazitoaje niwapelekee ndugu wasio na haya madude? Printa yangu ni ya USB, Harvard haiijui.

---

DadaDosi

Usihangaike na printa. Import/Export, kisha Export picture, chagua Encapsulated PostScript, itakupa faili la EPS. Hilo hamisha kwenye laptop uligeuze kwa programu ya Ghostscript liwe PDF, mistari inabaki mikali hata ukikuza kiasi gani. Piga na picha ya skrini ya ile ya chungwa pia, maana EPS inatoa chati ila haitoi ile rangi.

Na namba zenyewe ziandike pembeni kwenye faili la maandishi ya kawaida, mwezi na milimita, basi. Chati 11 ni miezi 132, ni kazi ya jioni mbili.

---

Fundi_Bati

Na betri? Hujanijibu kuhusu betri.

---

Kijana_wa_386

Samahani mzee wangu, betri nimeitoa jana. Ilikuwa imeanza, ukijani ulishafika kwenye miguu miwili ya chipu ya kibodi ila shaba haijakatika, nimesafisha na siki kisha spiriti kama ulivyosema na kibodi inafanya kazi. Namba za hadi diski ni silinda 980, vichwa 5, sekta 17, nimeziandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mfuniko, pembeni ya karatasi nyingine ambayo sikujua kama ipo. Baba alishaandika namba hizo hizo.